Mkuu wa kitengo cha upasuaji wa mifupa: Majukumu yake kutoka chuoni hadi Kibugu

Kibugu ni soko dogo kaskazini mwa mji wa Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya ambako wakazi hutegemea kahawa, majani chai, ng'ombe wa maziwa na miti ya makadamia. Mkazi wa huko anapoanguka kutoka mtini wakati wa mavuno, au anapogongwa na pikipiki kwenye barabara inayoteremka kuelekea mjini, hatima ya mguu wake huamuliwa kwa kiasi kikubwa na mtu ambaye huenda hatawahi kumwona maishani. Mtu huyo ni mkuu wa kitengo cha upasuaji wa mifupa katika chuo cha udaktari.

Cheo hicho hakifahamiki sana kwa umma. Wengi wanapotajiwa daktari bingwa wa mifupa, humwazia akiwa amevaa barakoa, kisu mkononi, juu ya meza ya upasuaji. Aghalabu mkuu wa kitengo hupasua wagonjwa wachache kuliko wenzake walio chini yake. Sehemu kubwa ya siku yake humalizika katika ratiba, mitihani, vikao, barua za kuomba vifaa na usuluhishi wa migogoro. Hata hivyo, kupitia kazi hizo zisizoonekana, ndiye anayeamua ni madaktari wa namna gani watakaotumwa Embu, Meru, Garissa au Kitui miaka mitano ijayo.

Makala haya yanaeleza cheo hicho: kilivyo, mamlaka yake yanakoanzia na yanakokomea, na jinsi mwananchi wa mashinani anavyoweza kupima iwapo kazi hiyo inafanywa ipasavyo.

KITENGO CHENYEWE

Upasuaji wa mifupa ni tawi la tiba linaloshughulikia mifupa, viungo, misuli, kano na uti wa mgongo. Wagonjwa wake ni wa kila aina: aliyevunjika paja ajalini, mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, mzee ambaye nyonga yake imelika, kijana mwenye uvimbe wa saratani karibu na goti, na mtu ambaye usaha umejikita ndani ya mfupa kwa miaka mingi.

Katika baadhi ya vyuo vikuu tawi hili ni idara kamili. Katika vingine ni kitengo ndani ya idara ya upasuaji, na mkuu wake huwajibika kwa mwenyekiti wa idara, naye mwenyekiti huwajibika kwa mkuu wa kitivo. Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret kimeiweka mifupa pamoja na utengamao, yaani kazi ya kumrejeshea mgonjwa uwezo wa kutumia kiungo chake. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Muhimbili jijini Dar es Salaam kina idara ya mifupa na majeraha.

Vyuo vyenyewe havina umri mkubwa. Mafunzo ya udaktari yalianza Makerere, Uganda, mwaka 1924, na kwa miongo kadhaa vijana wa Kenya na Tanganyika waliotaka kuwa madaktari walilazimika kwenda huko. Dar es Salaam ilipata chuo chake cha udaktari mwaka 1963. Nairobi ilianza kufunza madaktari mwaka 1967. Chuo Kikuu cha Moi kilifuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika ukanda wa Mlima Kenya, Chuo Kikuu cha Methodist (KeMU) mjini Meru pia hufunza madaktari, na wanafunzi wake hupata mazoezi katika hospitali ya rufaa ya Meru.

Daktari anayetaka kuwa bingwa wa mifupa humaliza kwanza shahada ya udaktari, akatumikia mwaka mmoja akiwa daktari mwanagenzi chini ya uangalizi, kisha akafanya kazi kwa muda kabla ya kurejea darasani. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, shahada ya uzamili katika upasuaji wa mifupa huchukua miaka mitano. Njia ya pili ni ile ya Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA), kilichoanzishwa mwaka 1999. Chuo hicho hakina kampasi moja. Mwanafunzi wake hujifunza katika hospitali iliyoidhinishwa, huandika kila upasuaji alioshiriki katika daftari maalumu, kisha hufanya mtihani mmoja pamoja na wenzake wa nchi nyingine wanachama.

MABWANA WAWILI

Jambo la kwanza linalomkabili mkuu wa kitengo ni kwamba anaongoza mahali asipopamiliki. Mhadhiri huajiriwa na chuo kikuu. Wadi, vitanda, vyumba vya upasuaji, wauguzi na dawa ni mali ya hospitali. Hospitali Kuu ya Kenyatta (KNH), ambayo ndiyo uwanja mkuu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ilianza mwaka 1901, na mwaka 1987 ikafanywa shirika la serikali lenye bodi yake yenyewe. Chuo kikuu nacho kina seneti na baraza lake. Waajiriwa wa pande zote mbili huwatibu wagonjwa wale wale, katika wadi zile zile, chini ya kanuni mbili tofauti za ajira.

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Hospitali ya mafunzo ni zizi linalolazimika kuwaweka. Chuo humtaka mkuu wa kitengo atoe mihadhara, asahihishe mitihani na achapishe utafiti. Hospitali humtaka apunguze foleni na kuondoa wagonjwa vitandani. Mahitaji hayo hugongana kila asubuhi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuchukua saa tatu kwa kazi ambayo bingwa angeimaliza kwa saa moja na nusu. Akiachwa afanye mwenyewe, mgonjwa wa mwisho katika orodha ataahirishwa. Akinyimwa nafasi, atahitimu bila mkono, na atakayelipia upungufu huo ni mgonjwa wa kaunti ya mbali.

Mkuu mwenye busara huyamaliza mambo hayo kwa maandishi kabla hayajawa ugomvi. Huafikiana na wasimamizi wa hospitali siku ambazo wanafunzi watapasua, ni bingwa gani atakayesimama kando yao, ni wagonjwa wangapi watakaoorodheshwa, na nani mwenye kauli ya mwisho mgonjwa anapoahirishwa. Ambako maafikiano hayo hayapo, kila kitu hutegemea urafiki wa watu wawili, na mmoja akihamishwa, mpango wote huporomoka.

KUFUNZA MKONO WA MWINGINE

Kazi ya pili ni mafunzo. Upasuaji hausomwi vitabuni pekee. Mwanafunzi huanza kwa kushika koleo la kuvuta nyama kando, akaendelea hadi kushona ngozi, kisha kupachika skrubu moja, hatimaye kumaliza upasuaji mzima huku mwalimu akitazama. Mwalimu anayenyakua kisu kila mwanafunzi anaposita hafunzi. Anayeondoka chumbani mapema mno huhatarisha uhai wa mtu. Wajibu wa mkuu wa kitengo ni kuhakikisha kwamba mpaka huo haubadiliki kulingana na hali ya moyo ya mwalimu wa siku hiyo.

Ndiyo maana daftari la upasuaji lina uzito. Mkuu akilipitia kila baada ya miezi michache, huona kwamba mwanafunzi mmoja ameweka vyuma katika mapaja mengi lakini hajawahi kushughulikia kiwiko cha mtoto, ilhali mwingine hajapata zamu katika wadi ya uti wa mgongo. Hapo ndipo ratiba hubadilishwa. Bila ukaguzi wa namna hiyo, wanafunzi wenye ujasiri wa kusukumana hupata kazi zote, na wanyamavu hubaki kuandika faili.

Suala la usawa linahusika hapa pia. Wanawake bado ni wachache katika fani hii kote Afrika Mashariki. Dhana kwamba mifupa huhitaji nguvu za misuli haina msingi mkubwa katika zama za vifaa vya umeme na meza maalumu za kuvutia viungo. Mkuu wa kitengo ndiye anayeketi katika jopo la kuchagua wanafunzi, na ndiye anayepanga zamu za usiku kwa namna inayomruhusu mama mwenye mtoto mchanga kumaliza masomo yake.

Zaidi ya mabingwa watarajiwa, kitengo hufunza wanafunzi wa shahada ya kwanza ambao wengi wao hawatakuwa wapasuaji wa mifupa kamwe. Hao ndio watakaokuwa zamu katika hospitali za kaunti usiku wa manane. Kila mmoja wao anapaswa kuondoka chuoni akijua mambo machache bila kusita: kutambua mguu usiopitisha damu, kuosha jeraha lililofichua mfupa, kufunga gango imara na kumpeleka mgonjwa mbele kwa wakati. Mkuu anayewapuuza wanafunzi hao kwa sababu si wa fani yake huwa ameitupa silaha yake kubwa zaidi.

NANI ATANGULIE?

Kila jioni huandaliwa orodha ya wagonjwa wa kesho, na hapo ndipo uongozi hujaribiwa kwa dhati. Mwaka 2015 tume ya jarida la kitabibu la The Lancet kuhusu upasuaji duniani ilikadiria kwamba watu bilioni 5 hawawezi kupata upasuaji salama kwa gharama wanayoimudu. Tume hiyo ilitaja kazi tatu ambazo hospitali ikizimudu, basi inaweza kumudu nyingine nyingi: kumzalisha mama kwa upasuaji, kufungua tumbo kwa dharura, na kutibu mvunjiko wazi, yaani mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi.

Mvunjiko wazi haungoji. Mgonjwa huhitaji dawa ya kuua viini mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, pamoja na kinga ya pepopunda. Jeraha lazima lioshwe na nyama iliyokufa iondolewe katika chumba cha upasuaji. Uchafu ukisalia, viini huingia mfupani, na matibabu ya wiki chache hugeuka kuwa ya miaka au hukomea kwenye kukatwa mguu.

Kwa upande mwingine kuna mgonjwa wa nyonga iliyolika ambaye amengoja zamu yake kwa miezi, na ambaye huahirishwa kila ajali inapotokea barabarani. Ajali nazo hazipungui. Idadi ya pikipiki iliongezeka sana nchini Kenya baada ya serikali kuziondolea ushuru wa VAT zile ndogo takriban mwaka 2008, na tangu 2021 barabara za nchi zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Wanaojeruhiwa ni wengi zaidi ya hao. Dawa ambayo wakuu wengi wa vitengo wameitumia ni kutenga chumba kimoja cha upasuaji kwa majeraha pekee, kila siku, ili dharura isile siku ya waliopangiwa. Kukipata chumba hicho, pamoja na wauguzi na daktari wa dawa ya usingizi, ni mapambano ya kiutawala ambayo hayaonekani katika picha yoyote ya mafanikio.

Vifaa ni mtihani mwingine. Mfupa wa paja uliovunjika unaweza kutibiwa kwa kumlaza mgonjwa kitandani huku mguu ukivutwa kwa uzito kwa muda wa wiki sita hadi kumi na mbili. Unaweza pia kutibiwa kwa kupenyeza chuma kirefu ndani ya mfupa, na mgonjwa akaanza kutembea kwa magongo baada ya siku chache. Kwa mkulima wa kahawa, tofauti ya njia hizo mbili ni msimu mzima wa mavuno.

Mwaka 1999 mpasuaji wa Marekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika la SIGN mjini Richland, jimbo la Washington, kwa lengo la kutengeneza chuma kinachoweza kuwekwa bila mashine ghali ya eksirei inayoonyesha picha wakati wa upasuaji. Hospitali kadhaa za Afrika Mashariki hukitumia. Shirika hilo hutoa vyuma kwa hospitali washirika, na wapasuaji hutakiwa kutuma kumbukumbu na picha za eksirei za kila mgonjwa. Palipo na kumbukumbu nzuri, vyuma vipya huja kufidia vilivyotumika. Kwa hivyo uandishi wa faili, kazi ambayo wengi huidharau, ndio unaoamua kama mgonjwa wa mwezi ujao atapata chuma.

MAKOSA YANAPOTOKEA

Hakuna kitengo kisichokosea. Swali ni kitengo hufanya nini baadaye. Mwezi Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walichanganywa: aliyehitaji kutibiwa goti alipasuliwa kichwa, na aliyehitaji kutibiwa kichwa alipasuliwa goti. Mapema mwaka 2018, KNH jijini Nairobi, mgonjwa ambaye hakuhitaji upasuaji wa ubongo alifunguliwa fuvu baada ya utambulisho wake kuchanganywa na wa mwenzake. Visa vyote viwili vilizua ghadhabu kubwa ya umma.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha fupi ya ukaguzi wa upasuaji. Kabla ya kisu kugusa ngozi, timu yote husimama na kutaja kwa sauti jina la mgonjwa, upasuaji unaokusudiwa na upande wa mwili unaohusika. Karatasi hiyo ni rahisi kuchapisha. Ugumu ni kuifanya iheshimiwe na profesa mwenye haraka. Muuguzi mdogo sharti awe na uhakika kwamba akisema "simameni", hatakaripiwa. Uhakika huo hutoka kwa mkuu wa kitengo pekee, na hutokana na jinsi anavyojibu yeye mwenyewe anapokatizwa.

Vitengo imara pia huwa na kikao cha mara kwa mara cha kuchambua vifo na matatizo. Mkuu akianza kwa kuwasilisha wagonjwa wake mwenyewe waliopatwa na matatizo, wengine hufuata. Akikitumia kikao hicho kuwaaibisha wadogo, faili huanza kupotea.

WALIOTANGULIA

Afrika Mashariki ina mifano ya viongozi walioelewa kwamba kazi yao haikomei langoni mwa hospitali. Mmoja wao ni Ronald Huckstep, mpasuaji Mwingereza aliyefunza katika Chuo Kikuu cha Makerere na Hospitali ya Mulago, Kampala, katika miaka ya 1960. Wakati huo ugonjwa wa kupooza wa polio ulikuwa umewaacha watoto wengi wakitambaa. Badala ya kungoja vifaa kutoka Ulaya, Huckstep alibuni vyuma vya kushikilia miguu na viatu ambavyo viliweza kutengenezwa kwa gharama ndogo na mafundi wa papo hapo. Aidha, aliandika vitabu vyepesi kwa ajili ya wahudumu wa hospitali ndogo, kikiwemo mwongozo kuhusu polio uliochapishwa mwaka 1975, baada ya yeye kuhamia Sydney, Australia. Vitabu hivyo viliendelea kufunza mahali ambapo yeye hakuwepo.

Tanzania ilifuata njia tofauti. Profesa Philemon Sarungi, daktari bingwa wa mifupa aliyesomea Hungary na ambaye baadaye alikuwa waziri wa afya na pia wa ulinzi, hutajwa miongoni mwa waasisi wa huduma za mifupa Muhimbili. Alifariki Machi 2025. Kwa sheria nambari 7 ya mwaka 1996, Bunge la Tanzania liliunda MOI kuwa taasisi inayojitegemea, yenye bodi na bajeti yake, ikipewa majukumu ya tiba, mafunzo na utafiti. Mpango huo ulipunguza tatizo la mabwana wawili kwa kuipa fani ya mifupa nyumba yake yenyewe, ingawa bado taasisi hulazimika kushirikiana na chuo kikuu kilicho jirani katika kufunza.

Njia hizo mbili zina somo moja. Huckstep aliacha vitabu na karakana. Tanzania iliandika sheria. Vyote hivyo hubaki baada ya mtu kuondoka.

KUTOKA KIBUGU HADI EMBU

Kati ya Kibugu na Nairobi kuna safari ya takriban kilomita 150, lakini kituo cha maana zaidi kwa majeruhi ni Hospitali ya Embu ya Level 5, mjini Embu, ambayo hupokea pia wagonjwa kutoka kaunti jirani. Tangu mwaka 2013, kufuatia Katiba ya 2010, hospitali za aina hiyo zimo mikononi mwa serikali za kaunti, huku hospitali kuu za kitaifa za rufaa zikisalia kwa serikali kuu. Kwa sababu hiyo, mkuu wa kitengo jijini Nairobi hana mamlaka yoyote ya kisheria juu ya kinachotendeka Embu. Hawezi kuagiza dawa huko wala kumhamisha muuguzi.

Alicho nacho ni ushawishi. Mabingwa wa kaunti wengi wamepitia mikononi mwake au mwa wenzake. Akipokea simu zao, akiwakubalia wanafunzi wake kwenda kufanya zamu huko, na akiwaalika kwenye vikao vya mafunzo, rufaa hupungua na zinazokuja huja zikiwa zimetayarishwa vyema. Akinyamaza, kila mfupa mgumu hupakiwa kwenye ambulensi, na KNH hufurika wagonjwa ambao wangetibiwa karibu na kwao.

Kiungo kingine cha mnyororo huu ni wataalamu wa ngazi ya kati. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya (KMTC) hufunza watu wa kufunga plasta na kushughulikia majeraha ya mifupa, pamoja na mafundi wa kuunda viungo bandia. Katika hospitali nyingi ndogo, mtaalamu huyo ndiye wa kwanza, na mara nyingine wa pekee, kuushika mguu uliovunjika. Kitengo cha chuo kikuu ambacho hakiwahesabu watu hao kuwa wanafunzi wake huwa kinajenga paa bila kuta.

Kuna pia waunga mifupa wa kienyeji. Wananchi huwaendea kwa sababu wako karibu, wanalipwa kidogo kidogo na wanaaminika. Mivunjiko mingi midogo hupona mikononi mwao, jambo ambalo huimarisha sifa zao. Hatari hutokea gango linapokazwa kupita kiasi. Misuli huvimba ndani ya utando wake hadi damu ishindwe kupita, na saa chache zinatosha kuua mguu. Dalili zake zafaa kujulikana na kila mtu: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole vinavyokufa ganzi, baridi au kubadilika rangi, na maumivu makali vidole vinaponyooshwa. Mgonjwa wa namna hiyo huhitaji gango au plasta kulegezwa mara moja na kupelekwa hospitalini bila kungoja asubuhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuwafunza waunga mifupa dalili hizo kumeokoa viungo zaidi kuliko kuwakemea redioni.

NYAYO ZA WATOTO

Mfano bora wa elimu ya chuoni kufika kijijini ni tiba ya watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani, hali inayompata takriban mtoto mmoja kwa kila 1,000. Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alionyesha kwamba wengi wa watoto hao hawahitaji upasuaji mkubwa. Unyayo hunyooshwa taratibu kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba. Kano ya kisigino hukatwa kidogo ikihitajika. Kisha mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ubao, hasa usiku, hadi afikishe umri wa miaka minne hivi.

Ponseti alianza kutumia njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini kwa miongo kadhaa wapasuaji wengi hawakuijali. Nchini Uganda, kuanzia mwaka 2004, mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Makerere, wizara ya afya na washirika kutoka Kanada uliiingiza katika mafunzo ya kawaida ya wahudumu wa afya. Maafisa wa mifupa wasio madaktari walifunzwa kufunga plasta hizo katika hospitali za wilaya. Mtoto hakuhitaji kusafirishwa hadi Kampala kila wiki. Walioongoza mradi huo walikubali kuitoa mikononi mwao kazi waliyoweza kuihodhi.

FEDHA, MIGOMO NA WALIMU WANAOONDOKA

Uongozi huu haufanyiki katika hali tulivu. Mgomo wa madaktari wa Kenya ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Mwingine wa mwaka 2024 ulidumu karibu miezi miwili, na mojawapo ya hoja zake kuu ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Oktoba 2024 bima ya taifa ya NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Kila badiliko la aina hiyo huuliza swali lile lile kwenye wadi ya mifupa: nani atalipia chuma cha mgonjwa huyu, na lini?

Isitoshe, walimu huvutwa na hospitali za kibinafsi na kazi za ng'ambo. Mkuu wa kitengo hana uwezo wa kupandisha mishahara. Anaweza kuwapa walimu wake siku maalumu ya utafiti, kuwagawia zamu kwa haki na kutambua kazi yao hadharani. Akimpoteza mmoja, sharti awe tayari amemwandaa wa kushika nafasi yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, maadamu mhunzi alimfunza mwanawe kutengeneza koleo jingine.

KIPIMO CHA KAZI

Vyuo vikuu huwapima wakuu wa vitengo kwa makala waliyochapisha, wanafunzi waliofaulu na fedha za utafiti walizoleta. Hospitali huwapima kwa idadi ya upasuaji. Vipimo hivyo vina nafasi yake, ila vyote husomwa ofisini.

Mwananchi ana vipimo vyake. Je, mvunjiko wazi ukifika Embu usiku, hupata dawa na kuoshwa kabla ya mapambazuko? Je, kuna mtu anayejua kufunga gango katika zahanati iliyo karibu na Kibugu? Je, mgonjwa aliyepewa rufaa hufika Nairobi akiwa na barua inayoeleza alichofanyiwa, na kurudi kwao na nyingine inayoeleza kilichobaki? Je, mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda hutambuliwa na mkunga siku ile ile na kupelekwa kliniki kabla mwezi haujaisha?

Maswali hayo yanaweza kuulizwa na yeyote, katika mkutano wa chifu, katika kikao cha bajeti ya kaunti au kwa mwakilishi wa wadi. Yakijibiwa kwa ndiyo, sehemu ya sifa humwendea mtu fulani katika chuo cha mbali, ambaye pengine asubuhi hiyo hakushika kisu kabisa, bali aliketi na daftari la mwanafunzi akihesabu ni viwiko vingapi vya watoto ambavyo bado hajafunzwa kuviunga.